Tulitosha madirisha ya zamani kwa mikono yetu

Ukipita katika komini ya Makiso, hapa Kisangani, inua macho kidogo uangalie madirisha. Nyumba nyingi za matofali zilijengwa mbele ya mwaka 1966, wakati mji ulipoitwa bado Stanleyville. Kuta zake ni nene, zingali zimesimama. Lakini madirisha! Moja lina kioo, la pili lina karatoni, la tatu lina bashe ya buluu, la nne wenyewe wameliziba na matofali, basi chumba ni giza mchana kutwa.

Wakubwa wanajua sababu. Kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji wetu kwa mabomu makubwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka ule ilihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Habari ya fidia ni ndefu, na kila mtu anaieleza namna yake. Mvua haingoji fidia. Hapa kwetu karibu na ikweta inanyesha karibu kila mwezi wa mwaka.

Nyumba yetu ni ya urisi wa baba. Madirisha manne ya mbele yalikaa na bashe miaka mingi. Kila mvua ya usiku, kitanda cha watoto kinasukumwa katikati ya chumba. Mwaka juzi tulichanga pesa, tukampa fundi mmoja avansi. Alileta kadre nzuri za kung'aa. Kumbe mbao zilikuwa mbichi. Nyuma ya miezi mitatu zilijikunja, dirisha halifungiki, na fundi hapokei simu. Hapo kijana wangu wa miaka 17 akasema: «Papa, tufanye sisi wenyewe.» Nilicheka kwanza.

Mbele ya kushika nyundo

Chukua kisu chembamba, uchome mbao ya zamani, zaidi pale chini ambapo maji yanakaa. Kisu kikiingia kama katika chikwange, mbao imeoza. Kikikataa, usiitoshe! Dirisha letu la jikoni lilikuwa limeoza sehemu ya chini tu. Tulikata kipande kile, tukaunganisha mbao mpya kwa gundi na skurubu, na kadre ya wazee ingali pale. Mvule, ule wengine wanaita kambala, ukikauka vizuri unaweza kuzidi umri wa aliyeupiga randa.

Jambo la pili, rangi ya zamani. Rangi nyingi za wakati ule zilichanganywa na madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto, hata kama ni kidogo. Kwa hiyo usiikwangue kavu na usiichome kwa moto. Ilowanishe na maji, kwangua pole pole, weka gazeti chini, funga kitambaa puani, na watoto wadogo waende kwa nyanya yao siku hiyo. Ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaokaa katika nyumba za zamani za kampuni, zenye madirisha ya chuma, angalieni sana neno hili, maana ile rangi ya kuzuia kutu mara nyingi ilikuwa na risasi nyingi zaidi.

Nilitaka kuanza na dirisha kubwa la sebule. Mchwa walikuwa wamekula kadre mpaka ndani. Kijana alikwisha kuinua nyundo, wakati mzee jirani, mwashi wa zamani, alipiga kelele kutoka parseli yake: «Acha kwanza! Hii kadre njo inabeba matofali!»

Alikuja, akatuonyesha. Juu ya dirisha hapakuwa na lento, yaani ile boriti ya simenti au ya chuma inayobeba ukuta. Matofali yalikuwa yamelala juu ya mbao, na ufa ulikuwa umepanda kama ngazi mpaka karibu na paa. Ule ufa niliuona miaka yote, nikafikiri ni mambo ya plasta. Kama tungevuta kadre, ukuta ungeanguka juu ya kichwa cha mtoto wangu. Kwa hiyo nawaambia wazi: ukiona ufa juu ya dirisha, au kadre imepinda katikati kwa juu, kazi hiyo si yako peke yako. Mzee aliegemeza ukuta kwa magogo pande mbili. Tukamwaga lento chini kwenye uwanja, na vyuma vinne ndani, tukaimwagia maji kila asubuhi wiki mbili. Halafu watu watano tuliipandisha, ikakaa juu ya ukuta sentimita 20 kila upande. Magogo yalibaki wiki moja tena. Mzee hakutaka pesa. Tulimpelekea kuku na mchele.

Vipimo na mbao

Shimo la ukuta wa zamani halinyooki hata siku moja. Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Fanya vile vile kwa urefu. Shika kipimo kidogo kuliko vyote, halafu toa sentimita moja kila upande ili upate nafasi ya kabari na simenti. Kadre ikiisha kupigwa, pima kutoka kona mpaka kona kwa mshazari. Mistari miwili ikilingana, kadre iko sawa. Kizingiti cha chini kiinamie nje, na chini yake uchonge mfereji mdogo. Tone la maji likifika pale linaanguka, halirudi ukutani.

Mbao za lifaki tulizinunua mbichi, maana bei ilikuwa rahisi. Tukazipanga chini ya paa na vijiti katikati ili hewa ipite, miezi minne. Ni muda mrefu, lakini tulikwisha kujifunza.

Vioo tulivunja kimoja, na kosa ni langu. Nilikilaza juu ya toleka, na baiskeli iliporuka shimo la kwanza, kikalia «kwaa!» Kioo kinasafiri kikisimama, kati ya mikeka miwili. Kikatwe kidogo kuliko nafasi yake, milimita tatu hivi, sababu mbao inavimba wakati wa mvua. Paka kwanza rangi ya mafuta pale kioo kitakapokaa, ama sivyo mbao itanyonya mafuta yote ya mastiki na mastiki itapasuka. Tandika mastiki nyembamba, sukuma kioo kwa pembeni, si katikati. Piga misumari midogo isiyo na vichwa, kisha mastiki ya nje kwa mshazari. Ngoja wiki moja au mbili mbele ya kupaka rangi.

Upande wa ndani tuliweka mustikeri ya waya juu ya kadre nyepesi inayofunguka. Mbu wa malaria anauma usiku, na dirisha lililozibwa na matofali halimzuii, anapita mlangoni. Linazuia hewa tu. Wavu wa kitanda tunaendelea kuutumia.

Na antivoli? Tumeziweka, sababu wezi wapo. Lakini katika chumba cha watoto tumeacha moja yenye sharnieri na kufuli, na ufunguo unaning'inia ndani, mahali ambapo mdogo wa miaka sita anaufikia na mwizi wa nje haufikii. Moto ukiwaka mlangoni, watoto watokee wapi? Tumewafundisha kuifungua wakiwa wamefumba macho, na wanaona ni mchezo.

Madirisha matatu yameisha. La nne lingali na bashe. Mbao zake ziko chini ya paa, na kijana anazigeuza kila siku ya posho.