Sumaku inayosikiliza mlima

Wamama wenzetu wa Kibati, watoto wetu wanazijua tarehe mbili: 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Wazee wanaongeza ya tatu, 10 Januari 1977, ziwa la moto la Nyiragongo lilipomwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lakini tukiwauliza darasani, "Watu wa OVG kule Goma wanajuaje kama mlima unatikisika?", wengine wanajibu kwamba kuna mtu analala kule juu. Tueleze basi, maana nyumba ikitikisika usiku, mama ndiye anayeulizwa.

Chombo kinachopima mitetemo kinaitwa sismometa. Aina nyingi zina vitu ambavyo hata radio mbovu inavyo: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Kimoja kimefungwa imara kwenye kisanduku, kingine kinaning'inia kwa springi. Udongo ukitikisika, kisanduku kinaenda nao, kile kinachoning'inia kinachelewa. Waya na sumaku vikipishana hivyo, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya. Udongo ukitulia, umeme unakwisha.

Mfano wake tuliutengeneza shuleni bila kununua kitu. Tulitoa spika mbili katika radio zilizokufa, tukaziunganisha kwa waya, bila batri. Mtoto mmoja anagonga karatasi ya spika kwa kidole. Mwenzake, nje ya mlango, ameweka sikio kwenye spika ya pili na anasikia kila pigo. Ya kwanza inapima, ya pili inasoma. Kisha tukakata waya. Mgongaji aliendelea kugonga kwa nguvu zote, na kule nje kimya.

Mlimani ni vile vile, ila njia ni ndefu. Umeme ule mdogo lazima ukuzwe, ugeuzwe kuwa namba zenye saa yake, kisha antena izitume hadi Goma. Kazi hiyo inataka batri na paneli ya jua. Tena chombo hakichagui: motari akipita, chukudu ya makaa ikishuka, upepo ukivuma, vyote kinavisikia. Ndiyo maana kinawekwa mbali na barabara, na wachunguzi wanalinganisha vituo kadhaa. Chukudu inatikisa kimoja. Mlima unatikisa vingi, na kwa kulinganisha saa wanajua mtetemo umetoka wapi.

Kabla ya mlipuko wa 2021, OVG ilikuwa imekaa miezi bila pesa za intaneti, na namba za vituo vya mbali hazikufika. Waya ulikatika, kwa lugha ya darasa letu. Lakini tusidanganyane. Uchunguzi uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba dalili za wazi zilianza dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka. Maharage hayaivi kwa dakika 40. Mama mwenye mtoto mgongoni na wawili mkononi afike wapi?

Kwa hiyo mfuko wa hati, dawa na nguo za mtoto ukae karibu na mlango, na kila nyumba ipatane leo njia ya kupita na mahali pa kukutana, kwa sababu baba anaweza kuwa mjini. Na kuhusu vyombo: vimewahi kuibiwa batri, paneli na nyaya. Mtoto akileta nyumbani shaba au batri ambayo hatujui ilikotoka, tumuulize kabla mnunuzi wa vyuma hajafika. Bei yake haifiki hata ya kitenge, na tunaokaa chini ya mlima ni sisi.

Katika mkutano wetu ujao tutarudia mchezo wa spika mbele ya wote. Tuna moja tu iliyobaki nzima, basi mwenye radio iliyokufa asiitupe, atuletee.