Utangulizi: Makumbusho ya Lamu kwa Jicho la Kiwayu

Ukiwa umezaliwa Kiwayu, ukajua kusuka mkeka au kutia dau kalafati, taaluma ya makumbusho umeshaianza. Vitu vingi vinavyohifadhiwa katika makumbusho ya pwani yetu ni kazi za mafundi wa visiwani, na jicho la fundi huona ambayo maelezo ya ukutani hayasemi.

Mji wa Lamu, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una majumba ya makumbusho kadhaa. Makumbusho yenyewe ya Lamu, ukingoni mwa bahari, yalianza 1971. Ngome iliyokamilika 1821 ilikuwa jela hadi 1984. Ipo pia nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18.

Mimi wanafunzi huwaanzisha na siwa, baragumu la heshima. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili hupulizwa ubavuni. Usiikimbilie nakshi yake, ingawa inavutia. Tafuta kwanza tundu la kupulizia, ukadirie mpigaji alisimama vipi na zana ndefu kiasi hicho. Siwa ilipigwa katika arusi za waungwana na katika kutawazwa watawala. Aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa na neno mjini. Ndani ya kabati la kioo tunaona umbo lake tu. Sauti na heshima yake lazima tuvitafute kwa wazee, na kazi hiyo ni usomi kamili.

Kisha njoo kwenye mtepe, chombo cha Wabajuni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ikabaki mifano. Ule mkubwa uliojengwa kwa ajili ya jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar uliwekwa katika jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Vitabu humsifu seremala, na anastahili; lakini bila msukaji wa tanga chombo hakitoki bandarini, na jina la msukaji ni nadra kulikuta.

Pengo hilo hilo la majina naliona linajirudia katika sanaa ya juzi. Mwaka 1997 Julie Church, mhifadhi wa bahari, aliwakuta watoto wa Kiwayu wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizotupwa ufuoni na maji. Hapo ndipo ulipochipuka mradi ambao leo ni karakana ya Ocean Sole, Nairobi. Mwaka 2018 Lamu ikashusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika, lililovishwa rangi za ndara. Sioni sababu ya kuziacha kazi hizi nje ya makumbusho. Kama nyumbani kwenu kimebaki chochote cha watoto wale wa 1997, andika sasa hivi: nani alikikata, kwa kisu gani, ndara aliiokota ufuo upi.