SOMO KWA WALIMU WA SAYANSI: MAJI YA MLIMANI HUCHEMKA MAPEMA

Leo mazungumzo yetu ni juu ya maji yanayochemka. Huenda mtu akasema, "Maji yanayochemka nani asiyeyajua?" Basi na avumilie kidogo, kwa maana jambo hili dogo liliwahi kunitia aibu mbele ya darasa langu mwenyewe.

Kabla sijawa afisa wa elimu nilifundisha fizikia katika shule moja ya milimani. Siku moja niliwapa wanafunzi kipimajoto na sufuria ya maji, nikawaambia wapime joto la maji yanapochemka. Wote waliandika digrii 100, ila msichana mmoja tu aliyeandika 95. Nilimkata kwa wino mwekundu. Hakubisha, alifunga daftari lake akakaa kimya. Jioni nikachemsha maji ya chai, nikatia kipimajoto kile kile. Kikasimama kwenye 95, wala hakikupanda tena. Hapo nikatambua nililolitenda. Wale niliowapa alama walikuwa wameandika maneno ya kitabu, na yule niliyemnyima ndiye aliyeandika alichokiona.

Kwa nini 95? Hewa iliyo juu yetu ina uzito, nayo huyakandamiza maji sufuriani. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na nguvu ya hewa inayoyakandamiza. Pwani, kama Tanga au Dar es Salaam, hewa iliyo juu yetu ni nyingi, kwa hiyo maji hayachemki mpaka yafike karibu digrii 100. Ukipanda mlima, sehemu ya hewa unaiacha chini yako. Iliyobaki hukandamiza kidogo, na maji huchemka mapema. Kwa kadiri ya kukumbukika, kila meta 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hupungua kama digrii 1. Mahali penye kimo cha meta 1,500 maji huchemka karibu na digrii 95. Juu ya kilele cha Shengena, ambacho ni karibu meta 2,460, yatachemka kwenye digrii 92 hivi.

Akina mama wa milimani wanaijua habari hii ingawa hawakuisoma. Maharage yanayoiva upesi pwani, huku juu hukaa motoni muda mrefu zaidi. Wala kuchochea kuni hakusaidii. Maji yakisha kuchemka hayaongezi joto tena. Hugeuka mvuke tu, na kuni zinakwisha.

Sasa tumchukue mwalimu wa Myamba, huko Same. Shule yake haina maabara, ina kipimajoto kimoja tu. Wanafunzi wake wakipata namba iliyo chini ya 100, atajuaje kama sababu ni mlima, au kipimajoto ni kibovu? Na afanye hivi.

Kwanza, atafute barafu kidogo kwa mwenye duka anayeuza soda baridi. Aiponde, atie maji kidogo, akoroge, kisha atumbukize kipimajoto na kungoja mpaka kitulie. Barafu inayoyeyuka ni digrii 0, pwani na mlimani pia, kwa kuwa kimo hakiibadilishi kwa kiasi cha kuonekana. Kikisoma 0, basi hapo ni kizuri. Kikisoma 2, ajue kina kosa, na kosa hilo aliandike ubaoni ili wote walijue.

Pili, achemshe maji. Kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, maana chuma kilicho juu ya moto kina joto kuliko maji. Wanafunzi watatu wasome mmoja mmoja, na kila mmoja aandike bila kumwonyesha mwenzake. Hapa nina onyo: asitumie kipimajoto cha kupimia homa. Hicho hakikutengenezwa kupima joto kupita digrii 42 hivi, na kikitiwa katika maji ya moto kitapasuka.

Tatu, siku atakayoteremka bondeni, tuseme kule Ndungu kwenye mashamba ya mpunga, achukue kipimajoto kile kile na kupima tena. Atakuta kimepanda kuliko huko juu. Kipimajoto ni kimoja, maji ni maji, kilichobadilika ni kimo tu. Hapo wanafunzi watakuwa wamethibitisha jambo wenyewe, si kulikariri.

Tukivuka kwa macho bonde la Mkomazi tunaiona milima ya Usambara, na huko kuna habari ambayo kila mwalimu wa sayansi yampasa kuijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa yenye sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Siku moja Mpemba aliona nafasi jokofuni inakwisha, akayatia yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake alitia maziwa ambayo hayakuchemshwa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa zima likamcheka. Hakuacha. Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza nao, Mpemba alimwuliza yeye pia. Wenzake walicheka vile vile, lakini mgeni huyo aliahidi kwamba atajaribu. Akajaribu kweli. Mwaka 1969, wakati Mpemba alipokuwa akisoma Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, habari yao ilichapwa kwa majina yote mawili katika jarida la walimu liitwalo Physics Education. Tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Je, Mpemba alikuwa sahihi? Wataalamu wanashindana mpaka leo. Mwaka 2012 chama cha wakemia cha Uingereza kilialika watu waeleze sababu, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu mwingi, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba kukisogeza kipimajoto kwa sentimeta 1 tu juu au chini kwaweza kumdanganya mpimaji. Hata hivyo aliyewatuma wote hawa kupima ni kijana aliyeuliza juu ya aiskrimu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Mwalimu anayetaka msaada zaidi atapata. Mwaka 1956 UNESCO ilitoa kitabu cha walimu wa sayansi, kinachofundisha kutengeneza vyombo kwa chupa, makopo, waya na mishumaa. Asili yake ni kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi ambazo shule zake ziliharibiwa na Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1973 kikatolewa upya. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba katika intaneti, na vitabu vyake husomeka hata kwa simu. Tena kuna Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo huwakutanisha wanafunzi wa sekondari waonyeshe uchunguzi wao wenyewe. Swali la maharage ya mlimani lingefaa sana kupelekwa huko.

Kabla ya kuagana, nimalizie habari ya yule msichana. Asubuhi ya pili niliomba daftari lake, nikafuta alama ya kosa mbele ya wote, nikasema, "Mwenzenu alisoma kipimajoto, mimi nilisoma kitabu." Tangu siku hiyo wanafunzi wangu waliniletea namba za ajabu ajabu. Nyingine zilikuwa makosa, nyingine hazikuwa, na kila mara hatukuwa na njia ila kupima tena.

Basi kazi ya juma hili ni hii: chemsheni maji pamoja na darasa, kila mtoto aandike alichokiona, na mwalimu asikate namba yoyote mpaka amepima mwenyewe. Kwa herini, tuonane katika somo lijalo.