Wasichana wa Lucky Summer na Kazi za Kompyuta

Msichana wa wadi ya Lucky Summer, Ruaraka, aliyemaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo kikuu bado anaweza kusomea teknolojia ya habari. Shirika la AkiraChix, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wa fani hiyo, huwafundisha wasichana wa familia zisizojiweza kuandika programu. Mafunzo yake ya codeHive huchukua mwaka mmoja. Mwanafunzi halipi karo wala malazi. Hilo la malazi si dogo: wengi huacha kozi za jioni kwa sababu ya nauli, kazi za nyumbani na hofu ya kurudi usiku.

Mwanzilishi mmoja, Angela Oduor Lungati, alifanywa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi mwaka 2019. Jukwaa hilo lilibuniwa mwaka 2008 kukusanya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi.

Asiyeweza kutoka nyumbani mwaka mzima ajaribu Ajira Digital, mpango wa serikali ya kitaifa ulioanza mwaka 2016. Unafundisha kazi za mtandaoni bila malipo, kwa hivyo anayedai ada ya usajili ni tapeli. Aliyepata nafasi katika chuo cha ufundi aulizie basari katika ofisi ya wadi.