TAA ZA UKUNGU KATIKA MJI USIO NA UKUNGU

Mtu akikaa kisiwani Mombasa mwaka mzima ataonja kila namna ya hali ya hewa: joto la Kaskazi, upepo wa Kusi, mvua ya masika inayofurisha mitaro kwa muda mfupi, na jua linalobambua rangi milangoni. Jambo moja hataliona, nalo ni ukungu mzito, ule unaomlazimisha dereva kutambaa kama kobe akiutafuta ukingo wa barabara. Ukungu huo ni wa bara, na makwao ni Limuru, Timboroa na vilele vya Taita. Hata hivyo, jua likishazama, simama kando ya Barabara ya Digo au pale Makupa uhesabu magari yanayopita yakiwa yamewasha taa za ukungu. Kuna yaliyotoka nazo kiwandani, na kuna yaliyofungiwa baadaye na mafundi, mbili kwa nne, juu na chini, nyeupe na za rangi ya samawati. Siku hizi hata tuktuk na bodaboda hazikubali kuachwa nyuma.

Swali la leo ni hili: taa hizo zinamulika nini, na zinamuumiza nani?

Waswahili hawakungoja gari lije ndipo wapate jina la madhara haya. Mwanga mkali ukimpiga mtu machoni hata asione kilicho mbele yake, husemwa ametiwa kiwi. Kiwi si giza. Ni kutoona kwa sababu ya nuru kuzidi, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa yule mwenye taa hudhani kwamba ameongeza mwanga barabarani, kumbe amempunguzia mwenziwe.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akitiwa kiwi, na macho yake yakachukua sekunde tatu kurudi katika hali yake, gari lake litakuwa limekwenda zaidi ya mita 40 likiongozwa na mtu asiyeona. Kwa mzee sekunde hizo huwa nyingi zaidi. Jicho la mtu mzima hukawia kurejea baada ya mwanga mkali, na kama limeanza kuingiwa na mtoto wa jicho, nuru hutawanyika ndani yake kama inavyotawanyika katika kioo kichafu.

MJI WENYE KUTA NYEUPE

Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili ya magari. Njia za Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu zilipimwa kwa miguu ya watu, mapunda na mikokoteni. Katika njia hizo aliyebeba kandili aliishika mkononi, chini ya kiuno, ikamulika miguu yake na mawe ya njia, na aliyemjia alimwona uso wake bila kuumia macho.

Leo katika njia hizo hizo tuktuk, pikipiki na mpita njia wote hupita pamoja, na pengi hakuna hata kijukwaa cha waendao kwa miguu. Nyumba ni za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Nyeupe hupendeza, lakini pia hurudisha nuru. Taa kali ikiingia katika kichochoro hupiga ukuta huu ikarukia ule, na wazee waliokaa barazani wakinywa kahawa hulazimika kujikinga macho kwa viganja.

Saa ya kuangalia zaidi ni baada ya sala ya Isha, watu wanapotoka misikitini na akina mama wanaporudi kutoka kuzuru jamaa. Mwenye kanzu nyeupe huonekana kidogo. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi, akipita baina ya magari mawili yanayokabiliana huku yamewasha taa zote, humpotea kila dereva. Yeye mwenyewe anaona magari yote mawili waziwazi, na kwa sababu anayaona, hudhani kuwa naye anaonekana.

Pengine ni Likoni. Magari yanayotoka katika feri hupanda mteremko huku pua zikitazama juu, na taa ambazo zingekuwa salama penye tambarare huelekea nyusoni mwa umati unaoshuka kwa miguu. Dereva muungwana hapo hupunguza taa zake. Lakini mwenye taa za ziada zilizofungwa zikitazama juu hana cha kupunguza.

SIRI YA KIKOMBE

Yafaa ieleweke kwamba taa ya gari si balbu peke yake. Ni vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: balbu, kikombe kinachong'aa nyuma yake, na kioo cha mbele. Balbu ya halojeni, ambayo ilianza kutumika katika taa za magari ya Ulaya mwaka 1962, ina uzi mwembamba unaowaka. Kikombe kimechongwa kwa kuamini kwamba uzi huo utakuwa mahali pamoja tu, na uwe wa urefu uliopimwa. Katika balbu ya H4 iliyotokea mwaka 1971 mna nyuzi mbili, moja ya taa ya juu na moja ya taa ya chini, na ile ya chini imewekewa kikinga kidogo cha bati ili nuru isipande juu. Ndiyo maana taa nzuri ya chini ikimulika ukuta huacha mstari ulio wazi: chini nuru, juu kiza. Mstari huo ndio unaoyalinda macho ya anayekuja.

Sasa chukua kikombe hicho cha halojeni ukatie balbu ya zenoni au ya LED iliyonunuliwa dukani. Chanzo cha nuru kimebadilika umbo na mahali pake, na kikombe hakijui. Nuru huenda ovyo, nyingine mtini, nyingine katika madirisha ya ghorofani, na sehemu kubwa machoni mwa watu. Balbu ya H4 katika taa ya chini hutoa takriban lumeni 1,000, na zenoni hutoa kama 3,000. Nuru mara tatu, imemwagwa bila mpango.

Si kwamba zenoni na LED ni mbaya kwa asili yake. BMW ilipotoa gari la kwanza lenye taa za zenoni mwaka 1991, na Lexus ilipotoa lenye taa za chini za LED mwaka 2007, taa hizo zilichongewa vikombe na vioo vyake maalumu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji zilitaka taa zenye zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujishusha zenyewe gari linapoelemewa na mzigo, na mtambo wa kujiosha vioo. Anayenunua balbu tupu amenunua makali bila ala.

Kuna na kosa jingine linalopita kimyakimya. Sisi huendesha upande wa kushoto, kama Japani yanakotoka magari mengi yanayoteremshwa katika bandari ya Kilindini. Taa zetu kwa hiyo hupandisha nuru kidogo upande wa kushoto, kumulika ukingo na waendao kwa miguu. Taa iliyong'olewa katika gari la nchi za Ghuba, ambako watu huendesha upande wa kulia, hupandisha nuru upande wa kulia. Ukiifunga hapa, ule mwanga uliokusudiwa ukingo wa barabara hwenda moja kwa moja katika macho ya anayekujia.

NA TAA YA UKUNGU, KAZI YAKE NINI?

Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyoelea. Taa ya juu ikiyapiga humrudishia dereva weupe mtupu. Taa ya ukungu hufungwa chini, karibu na barabara, na nuru yake ni pana lakini fupi. Hupita chini ya usawa wa macho ikamwonyesha dereva ukingo na mistari, basi. Haikuundwa kumulika mbali. Dereva wa lori anayetoka Kilindini kwenda Malaba anaihitaji akifika Limuru, na hapa kwetu huenda ikafaa katika mvua kubwa ya masika. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani, uliotiwa saini Vienna mwaka 1968, unasema hivyo hivyo: taa hizo ziwashwe katika ukungu mzito, theluji, mvua kubwa na hali zinazofanana na hizo.

Usiku mkavu haziongezi ila mwangaza wa hatua chache mbele ya pua ya gari. Mwangaza huo humdanganya dereva, kwa sababu jicho huzoea ung'avu wa karibu likashindwa kuona kiza cha mbali. Na lami ikiwa imelowa huwa kama kioo, nuru ile ya chini hudunda ikampata anayekuja.

Wako wanaoamini kwamba taa ya manjano hupenya ukungu. Imani hii ni ya zamani, na magari ya Ufaransa yalilazimishwa kutumia taa za manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Ukweli ni kwamba matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi, huyatawanya manjano na meupe sawasawa. Faida ya manjano ni kwamba haina ile samawati inayochoma macho. Kwa hiyo anayelipa pesa zaidi apate balbu za samawati amenunua rangi inayoumiza wenziwe zaidi, wala haimsaidii yeye kuona.

JUA NA CHUMVI

Tuwe wa haki. Madereva wengi hawafungi taa kali kwa kiburi. Hufunga kwa kuwa taa zao wenyewe zimefifia. Vioo vya taa za magari ya leo ni vya plastiki, na jua la pwani huvigeuza manjano, vikafanya utando kama jicho la samaki aliyelala. Hewa ya chumvi nayo hula vikombe na kuozesha viungo vya nyaya. Umeme ukipungua sehemu moja katika kumi kabla ya kuifikia balbu ya halojeni, nuru hupungua karibu theluthi. Dereva huona kiza, akanunua balbu kali, akaiweka nyuma ya kioo kilekile chenye utando, na utando ukaitawanya nuru pande zote. Hapo yeye haoni vizuri, na anayekuja haoni kabisa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Dawa ni rahisi kuliko ugonjwa. Kwanza, kisuguliwe kioo kwa msasa wa maji, kuanzia ulio mkwaruzo hadi ulio laini kabisa, kisha king'arishwe na kupakwa dawa ya kuzuia jua. Dawa ya meno husaidia siku chache tu. Pili, fundi wa umeme afungue viungo vya nyaya, hasa ule wa kwenye bodi, avikwangue kutu. Tatu, itiwe balbu mpya ya aina ileile iliyoandikwa katika taa, kwa maana balbu kuukuu hufifia.

Nne, taa zipimwe. Liegeshe gari penye tambarare, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha na dereva akiwa kitini, mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Washa taa ya chini. Ule mstari wa kiza na nuru uwe kama sentimita 10 chini ya alama. Wa taa ya ukungu uwe chini zaidi, kama sentimita 20. Ukipita juu ya alama, unawatia watu kiwi. Na kama gari lako lina kile kigurudumu kidogo chenye tarakimu kuanzia 0 karibu na usukani, basi hicho ndicho cha kushushia taa unapopakia mzigo nyuma. Wengi hukaa na gari miaka wasikiguse.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 55 inataka gari na vifaa vyake vyote, taa zikitajwa kwa jina, vitunzwe katika hali isiyoweza kuwahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Lakini askari hawezi kusimama katika kila kichochoro cha Kuze.

Kinachobaki ni adabu, na adabu ya njia si ngeni katika mji huu. Mwenye mzigo hupiga hodi kabla ya kona, na kijana humpisha mzee ukutani. Siku hizi ukimuuliza dereva kwa nini amefunga taa nne, atakujibu kwamba naye hutiwa kiwi kila usiku, hivyo analipiza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayelipizwa si yule aliyemtia kiwi, kwani huyo ameshapita zamani. Ni mwanamke wa buibui jeusi anayevuka baina yao, ambaye hana taa yoyote.