Kaktasi Ndefu Haifi kwa Kiu

Wengi wanaokuja kitaluni kuulizia kaktasi ndefu huwa na picha ya filamu kichwani: nguzo ya jangwani yenye mikono miwili iliyoinuliwa juu. Ile ni saguaro, mmea wa jangwa la Sonora, Arizona na kaskazini-magharibi mwa Mexico, na huweza kupita miaka 50 kabla haujatoa mkono wa kwanza. Inayouzwa kwetu kwa kawaida ni Cereus, ambayo asili yake ni Amerika Kusini na visiwa vya Karibi. Hii haina ukaidi huo. Ikipandwa ardhini penye jua la kutosha huongeza sentimita 30 au zaidi kwa mwaka, na ikikomaa hufika hata mita 10.

Kabla hujalipa, hakikisha unachonunua ni kaktasi kweli. Ile miti ya miiba isiyo na majani inayosimama katika nyika za Afrika Mashariki ni yuforbia, ukoo mwingine kabisa. Tazama miiba inapotokea. Kwenye kaktasi, kila kishada cha miiba huchomoza kwenye kijinundu chenye manyoya mafupi, na vijinundu hivyo hupangika mstari mmoja kwenye ukingo wa kila ubavu. Yuforbia haina manyoya hayo, na ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huumiza vibaya.

Sasa maji. Mimea mingi hufungua matundu yake ya hewa mchana. Kaktasi huyafunga mchana na kuyafungua usiku, wakati hewa imepoa. Huvuta hewa ya kaboni, huihifadhi kama asidi, na jua likichomoza ndipo hutengeneza chakula. Kwa njia hiyo hupoteza maji kidogo sana. Mbavu zake hutanuka mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mizizi haiendi chini sana, hutambaa karibu na uso wa ardhi ili iwahi hata manyunyu. Imezoea kulowa upesi na kukauka upesi. Ukiiweka kwenye udongo unaoshika maji wiki nzima, hukosa hewa, hufa, na kuvu huingia. Kaktasi nyingi zinazokufa majumbani zimeuawa na maji ya mapenzi.

Kwa hiyo shughulikia udongo kwanza. Mimi huchanganya nusu udongo wa bustani wenye mboji kidogo, na nusu kokoto ndogo pamoja na mchanga wa chenga kubwa. Mchanga uwe wa mtoni, kwa sababu wa ufukweni una chumvi. Chungu cha kufinyangwa ni bora kuliko cha plastiki: hupitisha hewa, na uzito wake huizuia nguzo isipinduke. Kama kiwanja chako ni cha mfinyanzi, inua tuta upande juu yake. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kikavu hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Wakati wa masika usiongeze hata tone.

Chunguza kitako cha shina mara kwa mara. Kaktasi inapozeeka, sehemu ya chini hugeuka kahawia na kuwa ngumu. Hiyo ni gome, usihangaike nayo. Uozo ni laini ukiubonyeza, una rangi ya giza na huvuja maji yenye harufu. Ukiuona, usikwangue kidogo ukatumaini. Chukua kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, ukate juu ya sehemu iliyooza, kisha utazame uso wa mkato. Katikati kuna duara la mishipa. Likiwa na hata doa moja la kahawia, ugonjwa bado unapanda: pangusa kisu, kata tena juu zaidi, mpaka nyama yote iwe safi. Kipande kilichobaki kisimamishe kivulini penye hewa kwa wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke na kuwa kigumu, ndipo ukipande sentimita chache tu ndani ya udongo mkavu, ukiegemeze kwa mti. Maji yasubiri wiki nyingine. Kupanda kipande kibichi siku hiyohiyo ni kukikaribishia uozo upya.

Mwanga nao una adabu yake. Ikikaa sebuleni gizani, ncha hurefuka na kuwa nyembamba, na shingo hiyo nyembamba hainenepi tena. Miaka baadaye upepo huivunjia hapo. Lakini usiitoe kivulini ukaiweka juani mara moja, maana ngozi huungua na kubaki na mabaka meupe. Izoeshe kwa wiki mbili au tatu.

Maua ni meupe, makubwa kufikia sentimita 15. Hufunguka usiku na kunyauka kesho yake asubuhi. Katika nchi za asili yake huchavushwa na nondo na popo. Watu huniuliza kwa nini kaktasi yao huchanua kila mwaka bila tunda. Kwa kawaida Cereus haijitungishi yenyewe, na vipande vyote vilivyokatwa kwa mama mmoja ni mmea uleule. Ukitaka tunda, ambalo huliwa, tafuta mwenza wa asili nyingine.

Jambo la mwisho ni masalio. Kipande kinachotupwa porini huota mizizi. Cereus jamacaru imekuwa gugu vamizi Afrika Kusini, na huko Laikipia, Kenya, wafugaji wanateswa na kaktasi ya jamii ya Opuntia ambayo miiba yake huumiza midomo ya mifugo. Tafadhali, vikate vipande hivyo vidogo vidogo, vianike juu ya saruji hadi vikauke kabisa, kisha vichome moto.