Nyigu Mdogo Anayemfuata Funza Ndani ya Bua

Kando ya Mto Tana, karibu na mitaa kama Waberi mjini Garissa, mahindi hunyweshwa kwa pampu na mkulima hulipia petroli kila tone. Ndiyo maana hasara inauma zaidi majani machanga yanapoanza kuonyesha vitobo vilivyojipanga mstari mmoja. Baada ya muda kiini cha mche hukauka na kung'oka kwa urahisi ukikivuta. Ukilipasua bua kwa kisu, ndani utakuta handaki lililojaa unga wa kinyesi, na mwisho wa handaki funza mwenye madoadoa mgongoni.

Huyo ni Chilo partellus. Kwao ni Asia. Barani Afrika aliandikwa kwa mara ya kwanza nchini Malawi mwaka 1930, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameshaingia Afrika Mashariki. Nyanda za chini zenye joto, ambako mahindi na mtama hulimwa, ndiko anakostawi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ana mwenzake, Busseola fusca, ambaye ni mwenyeji wa bara hili. Tofauti ya hao wawili ishikwe, maana itarudi.

Adui wa Chilo partellus naye hutoka Asia, na ni mdogo kiasi cha kupita mbele ya macho bila kuonekana. Jina lake la kisayansi ni Cotesia flavipes. Ni nyigu, lakini si yule wa kwenye paa anayewakimbiza watoto. Huyu ana urefu wa milimita mbili hadi tatu, mwili mweusi na miguu ya njano, na hana habari na binadamu.

Kwenye ukoo wa wadudu yumo katika oda ya Hymenoptera, pamoja na nyuki na siafu. Wengi wa oda hii wana mabawa manne membamba, na ya nyuma yameshikamana na ya mbele kwa vikulabu vidogo sana. Familia yake ni Braconidae, na familia yake ndogo ni Microgastrinae, kundi linalotambulika kwa kuhesabu vipande vya kipapasio: jumla 18, kwa dume na kwa jike. Mtaalamu wa Uingereza Peter Cameron ndiye aliyempa jina mwaka 1891. Kwa muda mrefu aliwekwa katika jenasi Apanteles, ambayo ilikuwa imegeuka jalala la kila nyigu mweusi mdogo, hadi mwaka 1981 Mkanada W. R. M. Mason alipoipangua na kumrudisha kwenye Cotesia.

Umbo lake linaeleza kazi yake. Kifua kimebapa, vipapasio vya jike ni vifupi, na mrija wa kutagia mayai ni mfupi pia. Nyigu wengine wanaoshambulia wadudu waliojificha ndani ya mti hubeba mrija mrefu na kutoboa wakiwa nje. Huyu hana anasa hiyo. Jike huvutwa na harufu ya mmea ulioliwa na ya kinyesi cha funza, hutafuta tundu, kisha huingia mwenyewe handakini. Kule ndani hakuna nafasi ya kugeuka, na funza huuma na kutema mate. Majike wengi hufia humo humo, wengine baada ya kudunga mara moja tu.

Lakini mara moja yatosha. Kwa mdungo mmoja jike huacha mayai kama 30 hadi 45 ndani ya mwili wa funza. Pamoja nayo huingiza virusi ambavyo nyigu hawa hurithishana kizazi hadi kizazi ndani ya chembe zao za urithi. Virusi hivyo huzima kinga ya funza, ambayo bila hivyo ingeyazingira mayai na kuyaua. Mabuu hula majimaji ya mwilini, na funza huendelea kuishi. Baada ya wiki mbili hivi mabuu hutoboa ngozi, hutoka kwa pamoja, na kila mmoja hujifumia kifukofuko cheupe. Vikikusanyika huonekana kama kipande cha pamba. Siku chache baadaye nyigu wazima hutoka na kujamiiana. Maisha yao ya utu uzima ni ya siku chache tu.

Safari yake ya kuja Kenya haikufaulu mara ya kwanza. Majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 hayakufua dafu. Nyigu walioachiliwa walipotea. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilijaribu tena kwa nyigu kutoka Pakistan. Mwaka 1993 waliachiliwa mkoani Pwani, na safari hii walishika. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kuwa idadi ya funza huko ilipungua kwa takriban theluthi moja hadi nusu.

Hapa ndipo kazi ya kupanga spishi, ambayo wengi huiona ya kukaa na kioo cha kukuzia, inapoonyesha thamani yake. Afrika ilikuwa tayari na nyigu wake, Cotesia sesamiae, aliyepewa jina na Cameron huyo huyo mwaka 1906. Ukiwaweka meza moja, huwatofautishi kwa macho. Wataalamu hupasua viungo vya uzazi vya dume, au hupima vinasaba. Na hata ndani ya C. sesamiae kuna makundi: nyigu wa Kitale huzaliana vizuri ndani ya Busseola fusca, ilhali wa Mombasa akidunga funza huyo huyo, mayai yake huzingirwa na kufa. Cotesia flavipes naye hushindwa kwa Busseola. Ukimpeleka nyanda za juu kwa kumdhania ni sawa na wengine, umepoteza fedha na nyigu.

Mwaka 2017 watafiti walitenganisha mwingine kutoka kundi hili, Cotesia typhae, aliyepatikana Kenya akimfuata funza mmoja tu, Sesamia nonagrioides. Aliyehesabiwa jana kuwa nyigu mmoja ameonekana leo kuwa zaidi ya mmoja.

Kwa mkulima wa Garissa, ambako joto linamfaa Chilo, Cotesia flavipes ndiye wa kumtazamia. Dawa ya kupulizia, ikichelewa, haimfikii funza aliyekwisha kuingia ndani ya bua, lakini humpata nyigu anayetembea juu ya jani. Kwa hiyo kabla ya kwenda duka la agroveti, pasua mabua machache yaliyoshambuliwa. Ukikuta ndani ya handaki vifukofuko vyeupe pembeni ya funza aliyenyauka, usivikanyage wala usivichome moto: viache kivulini hapo shambani kwa wiki moja hivi, mpaka waliomo watoke.